Kadibodi, plastiki, mbao au printa? Kuchagua malighafi ya behewa na stesheni ya treni ndogo

Anayetaka kuunda behewa la treni ndogo kwa mikono yake, bila kununua boksi la vipande vilivyokatwa kiwandani, huanza na swali moja: nitumie nini? Jibu hutegemea nani ameulizwa. Mwenye printa ya 3D atasema printa. Seremala atasema mbao. Aliyezoea kadibodi tangu shuleni atakuambia huhitaji kingine. Mimi naona swali hili liulizwe kwa kila kipande, si kwa modeli nzima. Ukuta wa stesheni, ubavu wa behewa la chuma na kishikio cha mlango ni kazi tatu tofauti, na malighafi inayofaa kimoja huweza kukiharibu kingine.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuweke kazi mbili mezani. Ya kwanza ni behewa la mizigo la chuma, lenye paa, la reli ya upana wa mita moja. Ya pili ni stesheni ndogo ya mawe na mabati, ya aina iliyozoeleka kando ya njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na kuligusa Ziwa Viktoria pale Kisumu mwishoni mwa 1901. Ni vitu vigumu kuvipata madukani vikiwa tayari, na ndiyo maana inafaa kuviunda.

Kwanza amua skeli

Huwezi kuchagua malighafi kabla ya kujua kitu kitakuwa kikubwa kiasi gani. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda, pamoja na Reli ya Kati ya Tanzania, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. SGR ina 1,435. Kwa SGR hakuna cha kujadili: tumia skeli ya 1:87 (kila kipimo halisi kimegawanywa kwa 87), inayoitwa HO, kwa sababu reli yake ya milimita 16.5 inalingana nayo barabara.

Kwa reli ya mita moja kuna njia tatu zenye maana. Unaweza kubaki 1:87 na kutumia reli ya milimita 12. Reli na magurudumu ya upana huo yanapatikana kwa sababu reli za milimani za Uswisi nazo ni za mita moja na zina wapenzi wengi. Kampuni ya Peco inatengeneza reli yake na kampuni ya Bemo inatengeneza treni zake. Behewa la mita 10 litakuwa na urefu wa milimita 115, kwa hiyo macho na vidole viwe imara. Njia ya pili ni 1:22.5 kwenye reli ya milimita 45. Upana unakaribia usahihi kamili, lakini behewa hilohilo linafika sentimita 44, na hapo unahitaji bustani au ukumbi.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: skeli ya 1:64 kwenye reli ya kawaida ya milimita 16.5. Ukizidisha unapata milimita 1,056. Kwa TAZARA umepungukiwa milimita 11 tu, na hakuna jicho litakalozigundua. Kwa reli ya mita moja umezidisha 56, ambazo huonekana ukilitazama behewa kwa mbele na kupotea ukilitazama ubavuni. Wapenzi wa treni wa New Zealand, ambao reli yao ni ya 1,067 kama TAZARA, wameitumia njia hii kwa miaka mingi. Faida yake kubwa ni kwamba reli ya 16.5 ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko zote, hata iliyotumika. Tena vigari vingi vya chuma vya kuchezea vinavyouzwa barabarani viko karibu na 1:64, kwa hiyo uwanja wa stesheni yako unapata malori na pikapu bila gharama kubwa. Vipimo vyote hapa chini ni vya 1:64.

Ubavu wa behewa: plastiki inashinda, lakini ijue tabia yake

Behewa la chuma ni bati lililonyooka, kingo kali, na misururu ya ribiti, vile vichwa vya pini zinazoshikanisha mabati. Plastiki ya polistirini inayatoa yote matatu. Huikati hadi chini: unapitisha kisu mara mbili tatu kando ya rula ya chuma, unaikunja, inavunjika kwenye mstari. Kiungo chake hakitegemei gundi ya kukauka juu. Kimiminika cha kuyeyushia kinapakwa kwa brashi kwenye mshono, kinajipenyeza chenyewe, kinalainisha pande zote mbili, na pakikauka pande zile zimekuwa plastiki moja. Ndani ya dakika chache unaweza kuupiga mshono msasa.

Ribiti zinatengenezwa kwa ngozi ya nje ya plastiki ya milimita 0.25. Chora mistari kwa penseli upande wa nyuma, weka karatasi hiyo ya plastiki juu ya kadibodi laini, kisha bonyeza kwa sindano iliyopigwa msasa nchani mpaka ikawa butu. Kila mbonyezo unatoa kichwa cha ribiti upande wa mbele. Nguvu ya mkono ibaki ileile, kwa sababu ribiti moja iliyozidi inaonekana kwenye safu nzima. Ngozi hiyo inabandikwa juu ya ubavu wa milimita 1.

Hapa ndipo plastiki inapodai adabu. Ukibandika karatasi mbili pana za plastiki zikafunikana kabisa, mvuke wa kimiminika unanaswa katikati, unaendelea kulainisha kwa wiki na miezi, na ubavu ulionyooka unajipinda. Toboa matundu madogo kwenye karatasi ya ndani kabla ya kubandika, na usifunge boksi la behewa bila tundu sakafuni.

Wengi hukata tamaa wakidhani polistirini lazima iagizwe nje. Karatasi za plastiki za kampuni ya Evergreen ni nzuri sana, na kwa ubavu wa nje ningejinyima kitu kingine nizinunue. Lakini vikombe na vifuniko vingi vya mtindi ni polistirini ileile. Geuza utafute pembetatu yenye namba 6. Kava ngumu za CD nazo ni polistirini. Ubao mweupe wa PVC wanaoutumia mafundi wa mabango ni kitu kingine kabisa: una povu ndani, kucha inaacha alama, na kingo zake zinaonyesha vitundu. Usiuweke kwenye ubavu wa behewa. Kazi yake tutaikuta kwenye stesheni.

Kadibodi inaweza kuunda behewa, na kwa asiye na plastiki sitamkataza. Karatasi za manila zilizobandikwa tatu kwa gundi ya mbao na kukandamizwa chini ya vitabu usiku mzima hutoa ubavu mgumu. Udhaifu wake ni kingo. Ukipiga msasa, kingo zinatoa manyoya mpaka uzinyweshe shelaki, aina ya vanishi, iliyoyeyushwa kwa spiriti. Ribiti zake hulala ukizishikashika. Na behewa, tofauti na nyumba, linashikwa kila siku.

Shaba ya manjano iliyounganishwa kwa risasi ya kulehemu hudumu kuliko zote, na uzito wake unalisaidia behewa kushika reli. Lakini joto la kiungo cha pili huyeyusha cha kwanza, mpaka ujifunze kukilinda kwa pamba iliyoloweshwa maji. Kwa boksi zima la behewa naona ni jasho lisilo na malipo ya kutosha. Iweke mahali plastiki inaposhindwa: vishikio, ngazi, fimbo za breki. Kishikio cha unene wa milimita 25 kwenye behewa halisi ni waya wa milimita 0.4. Cha plastiki ya unene huo kitavunjika mara ya kwanza utakapolinyanyua behewa. Cha waya wa shaba kitapinda, nawe utakinyoosha.

Kuhusu uzito: behewa la plastiki ni jepesi mno na litaruka kwenye kona. Chama cha Marekani cha wenye treni ndogo, NMRA, kinapendekeza kwa HO, inayotumia reli hiyohiyo ya 16.5, aunsi moja kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa gramu ni 28, kisha karibu 5.6 kwa kila sentimita. Behewa la mita 10 kwa 1:64 lina sentimita 15.6, kwa hiyo lipe gramu 115 hivi. Chubwi za wavuvi zinafaa sana, zikibandikwa chini ya sakafu au juu yake karibu na magurudumu. Ni risasi, basi nawa mikono ukimaliza.

Printa ya 3D: ipe vinavyojirudia

Printa inayosukuma nyuzi za plastiki huacha matabaka ya milimita 0.2 hivi. Kwa 1:64 hiyo ni karibu milimita 13, na ubavu wa bati unaonekana umepangwa kwa mbao nyembamba. Utapiga msasa mpaka ribiti ziishe. Printa ya resini, kimiminika kinachogandishwa kwa mwanga, hushuka hadi 0.05, na hapo matabaka hufunikwa na praima, yaani rangi ya msingi. Kwa hiyo nikisema printa kwa kazi za behewa namaanisha ya resini.

Ubora wake si ubavu. Ubavu mrefu na mwembamba wa resini hupenda kupinda wakati wa kukomazwa kwa mwanga, na ukianguka sakafuni unapasuka. Uzuri wake ni bogi (fremu inayobeba magurudumu chini ya behewa), sahani za ekseli, springi, na vipande vya breki: vitu vidogo, vyenye sura nyingi, vinavyohitajika vinne au vinane kwa kila behewa. Kuchora bogi moja kwenye kompyuta kunaweza kukuchukua muda mrefu kuliko kuikata kwa mkono. Faida inaanza unapotaka mabehewa sita. Anayetaka moja tu, printa inamchelewesha.

Resini ambayo haijakomaa inaleta mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaanza hauondoki kirahisi. Glavu, dirisha wazi, na kuosha vipande kwa pombe ya isopropili si mambo ya hiari. Kama unaishi chumba kimoja na watoto, mpelekee kazi mwenye mashine mjini ukitumia faili lako. Magurudumu yenyewe nunua, ya chuma. Hakuna malighafi hapa inayoweza kushindana na gurudumu lililochongwa kwa mashine.

Stesheni: hapa kadibodi haina mpinzani

Nimesikia mara nyingi kwamba kadibodi haidumu. Nenda Pendon, makumbusho yaliyoko Oxfordshire, Uingereza. Roye England, mwanzilishi wake, alijenga pale nyumba za kijiji kwa kadibodi, kwa skeli ya 1:76, zikiwa na paa za nyasi na mawe yaliyopakwa rangi moja baada ya jingine, na zinatazamwa mpaka leo. Kinachoua kadibodi ni unyevu unaoingia upande mmoja. Mombasa, Tanga au Zanzibar usiache hata kipande kimoja bila shelaki: mbele, nyuma, kingo, na ndani ya matundu ya madirisha. Spiriti haiivimbishi kadibodi kama maji, na ikikauka inakuwa ngumu kiasi cha kupigwa msasa.

Lakini kosa linaloharibu stesheni nyingi ni unene wa ukuta. Ukuta wa mawe wa sentimita 45 kwa skeli yetu ni milimita 7. Anayekata ukuta kutoka kadibodi ya milimita 1.5 na kubandika dirisha nyuma yake anapata nyumba ya karatasi, hata apake rangi vizuri vipi, kwa sababu jicho huona kina cha dirisha kabla ya kuona rangi. Hapa ule ubao wa mabango unapata heshima yake. Chukua PVC ya milimita 5 iwe kiini, ivishe kadibodi ya milimita 1 kila upande, na umefika 7 kamili. Gundi ya viatu, ikipakwa nyembamba pande zote mbili na kuachwa ivukize kwanza, inashika vizuri. Ni lazima uvishe pande zote mbili. Kadibodi ya upande mmoja itauvuta ukuta mpaka upinde. Kisha fremu ya dirisha iweke ndani, milimita kadhaa kutoka uso wa ukuta, na kivuli kitafanya kazi iliyobaki.

Kwa mawe ya matumbawe, paka puti ya ukuta iliyochanganywa na gundi ya mbao kidogo, unene usizidi milimita 1, na chora mawe ikiwa imekauka nusu. Usichore ukuta mzima. Majengo ya pwani yalipakwa plasta ya chokaa, na mawe huonekana pale plasta ilipobanduka: chini karibu na ardhi, chini ya dirisha, pembeni mwa mfereji wa maji. Mabaka matatu yaliyowekwa mahali pake yana ukweli zaidi ya ukuta mzima wa mawe yaliyopangwa kwa usawa.

Plastiki ingefanya haya? Ndiyo, kwa gharama kubwa na bila faida. Puti haiishiki vizuri plastiki laini, na ukuta mpana wa karatasi mbili unarudi kwenye ule mtego wa kujipinda.

Paa la mabati ni mahali ambapo kitu cha kununua hakishindi cha kutengeneza. Bati la kawaida la zamani lina migongo inayopishana kwa inchi 3, yaani milimita 76. Kwa 1:64 ni milimita 1.2. Nyuzi za bolti ya M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8, zimepishana kwa milimita 1.25. Nunua fimbo ya M8 yenye nyuzi mwili mzima kwenye duka lolote la vifaa, weka karatasi ya aluminiamu juu ya kipande cha mpira, na iviringishe fimbo juu yake kwa kukandamiza. Karatasi ya kufunikia chakula ni laini mno. Sahani za aluminiamu za kubebea chakula ndizo zenye unene unaofaa. Nyuzi za bolti zimezunguka, kwa hiyo mistari itatoka imelala kidogo, kama digrii 3. Usijaribu kuirekebisha, kata bati lako kwa kufuata mistari na si kwa kufuata ukingo wa karatasi. Bati la futi 10 litakuwa na urefu wa milimita 48. Likate moja moja, lipandane mgongo mmoja juu ya jirani yake, na kabla ya kubandika yapake rangi kwa makundi: mengine kijivu cheupe, mengine yenye kutu, machache yenye kutu sana. Paa la stesheni hurekebishwa kwa bati moja moja miaka ikipita, na hilo huwezi kulipaka baada ya paa kufungwa.

Mbao: pale tu mbao inapoonekana kuwa mbao

Sakafu ya behewa la wazi, milango, madawati, jukwaa la mbao. Hapo mbao haina badala. Tatizo ni nyuzi zake. Mstari wa upana wa milimita 0.3 kwenye kijiti cha aiskrimu ni sawa na ufa wa milimita 19 kwenye behewa halisi. Kati ya mbao za kuundia modeli, baswudi ina nyuzi zilizofichika na ndiyo bora. Balsa ni laini na ya manyoya, naiachia madaraja yasiyoguswa. Kati ya vya bure, vijiti vya kukorogea kahawa ni bora kuliko vya aiskrimu kwa kuwa ni vyembamba. Na kwa boriti za mikoko chini ya paa la nyumba ya pwani, njiti ya ufagio wa chelewa ina unene, rangi na mpindo unaofaa bila kuguswa.

Paka rangi mbao kabla ya gundi. Matone machache ya wino mweusi ndani ya spiriti huipa kijivu cha mbao iliyopigwa jua. Lakini palipodondoka gundi, wino haupenyi, na doa jeupe litabaki.

Rangi na uchakavu

Kila malighafi ina mlango wake wa kuingilia, kisha zote, isipokuwa mbao iliyokwisha kupakwa wino, zinakutana kwenye praima. Plastiki na resini osha kwa sabuni kuondoa mafuta ya vidole. Shaba isugue kwa siki, isuuze, iache ikauke. Kadibodi imeshashiba shelaki. Jihadhari na rangi ya kunyunyiza ya magari: thina yake inakula polistirini, na koti moja nzito linaweza kufuta ribiti zote ulizobonyeza. Nyunyiza mbali, vumbi jepesi mara kadhaa, na jaribu kwanza kwenye kipande cha taka.

Praima ya kijivu ndiyo inayofuta tofauti. Baada yake mtu hawezi kujua kwamba ngazi ni shaba, bogi ni resini na ubavu ni kikombe cha mtindi. Ikionyesha mshono, rudi kwenye puti na msasa. Rangi ya juu haijawahi kuficha mshono wowote.

Kwa uchakavu, fuata maji na vumbi vinavyotembea kwenye kitu halisi. Mvua huteremsha kutu kutoka kwenye safu za ribiti na bawaba za mlango. Magurudumu hurusha vumbi la kahawia kwenye theluthi ya chini ya behewa na pande za mwisho. Paa hupauka. Weka kwanza vanishi isiyong'aa, kwa sababu unga haushiki kwenye uso laini, kisha wino mwepesi kwenye mishono, kisha brashi karibu kavu juu ya kingo, na unga mwishoni kabisa. Kwenye kadibodi tumia wino wa spiriti kwa uchache, maana spiriti inayeyusha shelaki iliyo chini kama rangi ya juu ina tundu.

Unga wa chaki unafaa, ila kwa njia ya Voi na Tsavo hakuna rangi ya dukani inayoufikia udongo wenyewe. Uchuje kwa kitambaa chepesi, ukaange kwenye karai mpaka ukauke kabisa, na upitishe sumaku ndani yake mara kadhaa. Udongo mwekundu huwa na chembe za chuma, na chembe hizo zikifika kwenye mota ya injini zinanasa kwenye sumaku yake. Udongo huohuo upake kwenye tuta la reli, miguu ya kuta za stesheni na bogi za behewa. Ukitumia unga tofauti kwa kila kimoja, behewa litaonekana limeletwa kutoka modeli ya mtu mwingine. Vanishi ya mwisho hufifisha unga, basi paka zaidi kidogo ya unavyotaka ubaki, na pale vidole vinaposhika, chini ya mlango na pembeni mwa paa, rudia vanishi mara mbili.